Alipima Sola Taa Zikiwa Zimezimwa

Wapendwa, kulikuwa na bwana mmoja aliyeipenda sola yake kama wengine wanavyopenda ng'ombe wa maziwa. Kila mchana, jua likiwa la utosi, anashika kipimo chake cha umeme na kupaza sauti: "Zimeni taa! Zimeni redio! Napima!" Nyumba nzima kimya. Anagusa nyaya za paneli, namba inapanda: volti ishirini na moja. Basi hapo ni kifua mbele, mpaka mtaa mzima ujue.

Jirani yake alikuwa mama mmoja mwenye mtoto wa pumu, mtoto ambaye kifua kikimbana hufunguliwa kwa mashine ya mvuke. "Mzee wangu," akamwuliza, "umeme ukikatika, naweza kuja kwako?"

"Mama, hilo nalo la kuuliza? Njoo saa yoyote. Sola yangu naipima kila siku!"

Yule mama akaamini. Ungekuwa wewe, usingeamini?

Siku ikafika. Mchana kweupe, umeme hakuna, mama anaingia mbio na mtoto mgongoni, pumzi zinakata. Wakachomeka mashine. Ikanguruma kidogo, ikanyamaza.

"Mzee, imezima!"

"Haiwezekani!" Akapanda ngazi na kipimo chake. Volti nne. Akahisi macho yanamdanganya. "Hebu chomoa hiyo mashine!" Ishirini na moja. "Rudisha!" Nne. Jamani! Miaka yote hiyo alikuwa akiipima sola ikiwa haijabebeshwa kitu. Alipogeuka kutazama chini, mama alishatoka na mwanawe, anakimbia pekupeku kuelekea zahanati.

Mtoto alipona, Mungu ashukuriwe. Lakini yule mama hakubisha tena hodi pale.

Tusimcheke, wapendwa. Sisi upendo wetu tunaupima lini? Si saa hizi, tumevaa tukapendeza, tumekaa, hakuna anayetuomba hata maji ya kunywa? Tunaimba, machozi yanatutoka, tunasema tumejaa upendo. Umejaa nini, ndugu yangu, na hujambeba mtu? Mimi mwenyewe ninapolisema hili naogopa, maana yupo mtu aliyetuamini, ameweka kwetu tegemeo la pumzi yake, na hajui tulivyo. Jana kuna mtu alikuja mlangoni kwako na shida yake. Ulimwambia nini?