Makungu na Jini Asiyeshangaa

Sogeeni, na wewe usiyeamini kaa mbele kabisa, maana nyinyi msioamini ndio ninaowapenda.

Katika mji wa Shamsiya, mji ambao jua lilikuwa likipita kunawa uso kabla ya kwenda kuangazia nchi za watu wengine, alitawala Sultani Fakhrudini, mwenye tumbo la heshima na ndevu za hina, na kiti chake kilikuwa kirefu hata akipiga chafya leo, watu wa chini humwombea rehema kesho. Cheka tu. Babu yangu alikuwepo, na babu yangu hakusema uongo ila siku za kazi.

Na Sultani huyu alikuwa na pete, na peteni alifungwa jini jina lake Kamkamu, mrefu hata mawingu yalimtekenya kiunoni, na macho yake yaliona mpaka chini ya ardhi saba, pale siafu wanapogombania mto wa kulalia. Na mfalme wa kale aliyemfunga alimwekea sharti moja: "Utamtumikia kila atakayeivaa pete hii, mpaka siku utakayoshangaa." Sasa niambie, kiumbe anayeona kila kitu atashangaa nini? Basi akatumika, karne juu ya karne, na alipovuta pumzi ya huzuni nazi zilianguka Shamsiya nzima, na watu wakazikuna, wasimuulize ana nini.

Mwanzo walimshangaa sana. Aliposhusha kasri la kwanza kwa ukucha mmoja, watu walizimia mpaka maji ya kuwamwagia yakaisha mjini. La pili, wakapiga makofi. La tatu, wakasema, "Mashaallah," huku wanatafuna. La nne, wakauliza, "Choo kipo?" Na siku alipoleta mlima mzima na theluji yake na simba wake, mama mmoja alitoa kichwa dirishani akasema, "We baba, hebu usogeze kule, unanizibia jua, nimeanika kunde!"

Na barazani kwa Sultani ndiyo kabisa. Sultani aliamini kushangaa ni kazi ya maskini, kwa hiyo hashangai. Na wakubwa wake hawaruhusiwi kushangaa kabla yake, kwa hiyo ajabu ikiingia wote wanatazama uso wa Sultani, hakuna anayeitazama ajabu, na ajabu ikimaliza inajiondokea kama mgeni asiyekaribishwa hata kahawa.

Ndipo akaingia mjini Makungu, mfanya kiinimacho, mwembamba hata kivuli chake kilimwonea huruma, hana kitu ila kanzu moja, viatu vikuukuu na yai moja. Akasimama sokoni.

"Enyi watu wa Shamsiya, litazameni yai hili!"

"Tumeshaliona," akasema muuza samaki.

Makungu akafumba ngumi, akafumbua, yai halipo, na akalitoa kwenye kilemba cha muuza samaki. Watu wakapiga miayo.

"Ndiyo basi?" akasema mmoja. "Juzi jini katoa ndovu puani mwa kadhi, na kadhi mwenyewe wala hakupenga."

Pale palikuwa na binti muuza vitumbua, akiitwa Sihaba, mzuri hata vitumbua vilijigeuza vyenyewe vipate kumwona, na ulimi wake ungeweza kupasua kuni.

"Kaka," akasema, "jini wako mbona mvivu hivyo? Yai moja tu?"

"Sina jini, dada."

"Muongo mkubwa! Pete iko wapi?"

"Sina. Hata ya kuazima."

"Hirizi?"

"Nilikuwa nayo ya kikohozi. Nilipopona nikaitupa."

"Jamani, mpekueni!"

Wakampekua. Wakamkung'uta kama mkeka, wakachungulia masikioni, wakamvua viatu na kuvijutia. Hawakuona kitu ila njugu na sindano yenye uzi. Sihaba akachukua yai jingine kwa jirani yake, akalipaka masizi ya chungu, akampa. "Haya. Kwa yai hili hili, na mikono uikunje mpaka kwenye viwiko."

Makungu akafumba, akafumbua. Yai halipo. Akalitoa ndani ya bakuli la unga wa Sihaba, na masizi yake juu.

Soko likanyamaza. Lilinyamaza kimya hata nzi walisikika wakiulizana kuna msiba wa nani.

"Ni mtu," akasema Sihaba polepole. "Kumbe mtu tu, na mikono yake."

Na hapo ndipo lilipopasuka! Yai lile lile, mkono ule ule, lakini sasa watu walilia, wakakumbatiana na wadeni wao, na muuza samaki akakivua kilemba chake akakibusu. Kelele zikafika mpaka kwa Sultani, na Sultani akasikia wivu, maana mlima wake haukupata hata nusu ya makelele yale.

Akaamuru Makungu aletwe mbele yake, akamwambia: "Ewe mgeni, imetufikia habari kwamba umeiteka mioyo ya raia zetu kwa yai la kuku, ilhali sisi tuna jini. Basi kesho utalificha mbele ya Kamkamu. Akiona lilipo, utageuzwa kinu cha jikoni kwetu, utwangwe hadi kiama. Asipoona, omba utakalo, na kauli yetu ni mshale, hairudi upindeni."

Waziri akamnong'oneza, "Maulana, lile sharti la pete... jini akishangaa?"

"Kwa yai?" akasema Sultani.

Jioni Sihaba akaenda gerezani, Makungu alikofungiwa kungoja kesho, na vitumbua vya moto, na macho mekundu, akasema ni moshi.

"Ni mimi niliyekuponza, na mdomo wangu huu."

"Mdomo huo huo ndio uliofanya watu wanione, dada. Nikitoka mzima, nitakuposa."

"Utatoka wapi, naye anaona mpaka chini ya ardhi saba?" Akajifuta pua. "Haya, ukitoka nitakubali. Na mahari yangu, uniambie yai linakwenda wapi."

"Na nikigeuzwa kinu?"

"Nitaomba kazi jikoni. Nitakutwanga polepole."

Asubuhi mji wote ukajaa barazani, wengine wakakalia mabega ya wenzao, na wale wa chini wakakalia subira. Kamkamu akatoka peteni kama moshi wa tanuri elfu, akachutama ili kichwa chake kiingie mlangoni, na ndevu zake zikatandikwa sakafuni kama shamba la mpunga.

"Anza, mwanadamu," akasema kwa uchovu. "Nimeona milima ikizaliwa. Fanya upesi ukawe kinu."

Makungu akaliinua yai, watu wote wakaliona, akafumba ngumi. "Ewe mtukufu, nipulizie hapa kidogo, iwe baraka."

Kamkamu akainama, akapuliza kidogo, na wazee wa safu ya mbele wakajikuta safu ya nyuma. Makungu akatupa macho yake juu, akapiga ukelele: "Lo! Linakwenda!"

Na macho ya jini yakafuata macho ya mtu. Yakatoboa dari, yakapita mawingu, yakapita mwezi, yakaangalia nyuma ya nyota moja moja: yai hakuna. Yakashuka chini ya ardhi saba, yakawaamsha wale siafu: hakuna. Yakakoroga bahari kama chai, yakakagua matumbo ya nyangumi. Laiti angekuwa na macho mabovu kama yangu, asingefika mbali hivyo! Jasho likamtoka, na kisima kikavu cha kasri kikajaa.

"Liko wapi?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mtukufu," akasema Makungu, "huwashwi kidevuni?"

Akapenyeza mkono ndevuni mwa jini, akalitoa yai, zima, lenye joto.

Nyani haoni kundule, na jini haoni kidevuche. Kamkamu akalitazama yai. Akamtazama Makungu. Kisha akasema, "Aaa!" kama mtoto aliyeonyeshwa mwezi mara ya kwanza, na pete ikapasuka kidoleni mwa Sultani, ti!

Wakubwa wote kwa desturi wakageukia uso wa Sultani wajue wafanyeje, wakamkuta mdomo wazi, umetanuka hata njiwa alikuwa anapima pa kujenga. Basi wakaachama wote.

"Umenipokonya jini wangu!" Sultani akafoka, mkono kwenye upanga.

"Maulana, sijachukua kitu ila mshangao wake," akasema Makungu. "Na samahani, mdomo wako bado uko wazi."

Sultani akaushika mdomo wake, akakuta ni kweli, na kicheko kikampanda kutoka tumboni, na tumbo lile lilikuwa na nafasi. Akacheka mpaka kilemba kikadondoka. Akasema, "Kauli ni kauli. Omba."

"Sihaba muuza vitumbua, kama bado anataka."

"Bado nipo hapa, mnaniongelea kama sipo!" akasema Sihaba.

Kamkamu akalia machozi ya furaha, akamuuliza Makungu, "Nikupe nini, ndugu? Kasri?"

"Wapi! Wataniuliza choo. Njoo Ijumaa utazame tena."

Akaja. Akaja na mama yake na mashangazi, na majini wakalipa kiingilio kwa yakuti, wakipigania mkeka wa mbele, na Makungu akatajirika hata kuku wake walitagia kwenye mito ya hariri. Na watu wa Shamsiya, jini wa kuwachotea akiwa huru sasa, wakaanza kujichotea maji wenyewe, na ndoo ya kwanza ilipotoka kisimani kwa mikono ya mtu walipiga makofi.

Usiku wa harusi Makungu akasema, "Sasa mahari yako. Yai linakwenda..."

Sihaba akamziba mdomo kwa kiganja. "Ukiniambia nitabaki na yai. Acha nibaki na ajabu."

Basi ndugu zangu, si ukubwa wa jambo unaomfumbua mtu macho, ni kulitazama. Ubwabwa wa harusi ile babu yangu aliula, na punje moja ilimkaa jinoni ikatulea ukoo mzima. Aliyeshangaa na apige makofi. Na asiyeshangaa, hebu apapase kidevu chake.