Mwalimu Chui na Kikapu cha Maharage

"Paukwa."
"Pakawa."
"Palikuwa na chungu."
"Kikajaa."
"Palikuwa na mvivu."
"Akakaa akingoja kijae chenyewe."

Basi mwenye usingizi asogee ukutani, mwenye masikio asogee kwangu.

Mama Pimbi alikuwa akichambua maharage mbele ya mwamba wake. Mazuri kikapuni, mawe kando, pumba kwa upepo. Chungu cha yale aliyoroweka tangu jana kilikuwa mafigani, kikingoja kuni. Mara Chiriku akatua, twa.

"Hodi, shoga. Umesikia habari?"

"Karibu. Sema huku unachambua."

Chiriku hakuchambua. Tangu azaliwe hajachambua kitu ila habari za watu.

"Pangoni kule juu kuna mwalimu mgeni, Mwalimu Chui. Anafundisha wanyonge kuwa wakubwa. Haraka. Unaingia panya, unatoka nyati. Na mumeo ndiye wa kwanza kwenye mstari."

Mikono ya Mama Pimbi ikasimama. "Mume wangu ameniaga anakwenda kutafuta kuni."

"Kuni gani? Ameketi, amefumba macho, anasema, 'Mimi ni nyati, mimi ni nyati.'"

"Ada ni nini?"

"Chakula tu. Wanafunzi wanafunga, mwalimu anakula kwa niaba yao."

"Na waliohitimu wako wapi?"

"Digidigi kahitimu jana. Aliingia ndani na mwalimu. Wanasema amekuwa mkubwa mpaka akaona haya kurudi kwetu, akatokea mlango wa nyuma."

"Pango lile halina mlango wa nyuma," Mama Pimbi akasema. "Mimi nimezaliwa mle."

Chiriku akashusha sauti, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kisha akasema polepole, "Leo jua likishuka, ni zamu ya mumeo kuingia."

Mama Pimbi hakulia. Kulia kungempunguzia mchana. Alichota maharage machache chunguni, akayafunga kwenye jani. Akajitwika kikapu cha yale makavu. "Nitazamie watoto," akamwambia Chiriku. Akapanda, akapanda, akapanda.

Mwalimu Chui alikuwa juu ya jiwe mbele ya pango, manyoya yanang'aa. Chini yake walikuwa Baba Pimbi, Kobe na Kanu, macho wamefumba. Matumbo yao yalilia, ngrrr, ngrrr.

"Msiogope," Chui alisema. "Njaa ni unyonge unaotoka. Ukitaka, unaweza. Usipoweza, hukutaka."

"Mimi ni nyati," akasema Baba Pimbi kwa sauti ya pimbi.

Mama Pimbi akatua kikapu. "Mwalimu, shikamoo. Nimeleta ada ya mume wangu."

"Marahaba, mama. Nawe umechoka udogo?"

"Nimechoka kazi. Udogo haunisumbui. Lakini kuna neno linanitatiza. Wewe unafundisha ukubwa. Mbona Simba amekuzidi?"

Kila mwanafunzi akafumbua jicho moja. Mkia wa Chui ukapiga jiwe, pa, pa.

"Simba alibahatika tu."

"Labda." Mama Pimbi akafungua jani. Akatoa harage lililorowekwa, akaliweka kando ya harage kavu. "Tazama. Jana hili lilikuwa dogo kama lile. Leo limelizidi mara mbili. Halikukimbia, halikubeba mzigo, halikushinda na njaa."

Chui akainama. "Limefanya nini?"

"Limelala kwenye maji."

"Limelala tu?"

"Limelala tu."

Mtoto yeyote aliyekaa jikoni angecheka. Lakini ni nani aliyewahi kumwona Chui akiroweka maharage?

"Na mtu akila kikapu kizima," Chui akauliza, mate yakimtoka, "akanywa maji juu yake?"

"Atakuwa mkubwa leo hii. Naapa kwa kichwa cha mama yangu. Ila ngoja kwanza niyapike."

"Kupika ni kwa wasiojiamini," alisema Mwalimu Chui.

Akala kama yalivyo, katu, katu, katu. Akala ya juu, akala ya kati, akala ya chini, akalamba kikapu. Akaenda kwenye dimbwi, akanywa, gudu, gudu, gudu, mpaka vyura wakabaki kwenye tope wakitazamana. Kisha akapangusa midomo, akamwita Baba Pimbi. "Haya, ingia. Wakati wako umefika."

Baba Pimbi akasimama, macho kayafumba tena.

"Mwalimu," Mama Pimbi akasema, "utamhitimisha ukiwa mdogo hivyo? Ngoja ukue kwanza. Atahitimu kwa mwalimu mwenye hadhi."

Chui akapenda neno hadhi. Akaketi kungoja. Jua likashuka kidogo. Tumbo likasema, ngu. Likashuka tena. Tumbo likasema, ngu-ngu-ngu. Ngozi ikavutika, madoa yakatanuka, Chui akaanguka chali, miguu minne hewani, amekuwa duara kama ngoma.

"Mama, kuna kitu kinanisukuma."

"Ndio unakua, Mwalimu."

"Inauma."

"Kama njaa ni unyonge unaotoka, maumivu ni ukubwa unaoingia. Simama tukuone."

"Siwezi."

"Ukitaka, unaweza," Mama Pimbi akasema. "Usipoweza, hukutaka."

Wanafunzi wakampita, wakaingia pangoni kuutafuta mlango wa nyuma. Wakakuta ukuta wa jiwe, na chini yake kwato ndogo za Digidigi. Wakatoka.

"Mimi nilikuja kumsindikiza mwenzangu tu," alisema Kobe.

"Mke wangu," Baba Pimbi akaanza, "nilikuwa nimekaribia kuwa..."

"Kuni," akasema Mama Pimbi.

Baba Pimbi akaokota kuni njia nzima ya kuteremka. Nyuma yao tumbo la Chui likaachia upepo, mlima ukatikisika, buuu, na ndege wote wakahama upande ule. Ndiyo maana mpaka leo Chui hula peke yake juu ya mti, na maharage hayagusi.

Moto ukawaka, maharage yakachemka, tok, tok, tok, yakaiva kwa wakati wake. Mama Pimbi akapakua. Kabla hajaketi akahesabu vichwa: wadogo wapo, wakubwa wapo, baba yao yupo. Na Chiriku, ambaye hakualikwa, yupo.

Na mafunzo? Mafunzo ni kwamba msiwadharau walimu wa njia ya mkato. Chui aliahidi ukubwa wa haraka, na jua halikuzama kabla mkubwa hajapatikana.

Hadithi nimeiepua. Ikiwa imeiva, kuleni. Ikiwa mbichi, tafuneni taratibu, na msinywe maji.