Ukoko wa Siku ya Posa

Hapo zamani, si zile zamani za majini na masultani, hizi za juzijuzi za umeme na ving'amuzi, waliishi Tanga wanawake watatu waliopenda kula kwa macho. Wa kwanza Bi Shuwena. Wa pili wifi yake, Nunu. Wa tatu Mwanaidi, binti wa Bi Shuwena, aliyekuwa na mchumba mlangoni.

Kila Jumamosi mchana walimtazama kwenye televisheni bwana mmoja mwenye kitambi, aliyezunguka dunia akila majumbani mwa watu. Akila Uchina, wanameza mate. Akila Meksiko, wanafuta jasho la pilipili. Mwanaidi hakuwahi kuvuka Korogwe, lakini alimwona mama wa Kichina akimficha wifi yake siri ya mchuzi, akacheka kama anamcheka jirani. "Kumbe na wao wana mawifi!" akasema. Nunu akamfinya.

Basi Jumamosi moja ikawa siku ya posa. Mgeni ni Bi Mize, bibi yake Makame, yule mchumba, na Bi Mize alishakataa nyumba mbili: moja kwa chumvi, nyingine kwa wali bokoboko. Mwanaidi alimtaka Makame kwa moyo wake wote.

Bi Shuwena akapika pilau, akaipalia makaa juu ya mfuniko. Mara akasikia muziki wa kipindi. "Wifi, niangalizie sufuria, dakika moja tu." Akaenda.

Nunu akasikia kicheko sebuleni. "Mwanaidi mwanangu, ikikauka iepue. Nakuja, dakika moja tu." Akaenda.

Mwanaidi akachungulia mlangoni. Bwana wa kitambi yuko Uajemi, mwenyeji wake anapindua sufuria ya wali kwenye sinia, ukoko juu, na mgeni ndiye anayekatiwa kwanza! "Ukoko!" akapiga kelele. "Huu tunaowapa kuku!" Akaingia naye, dakika moja tu.

Punde Nunu akanusa. "Jamani, televisheni za siku hizi hata harufu zinatoa!"

Wakatazamana. Wakatimka mbio jikoni.

"Wifi, nilikuachia wewe!"

"Mimi nilimwachia bi harusi!"

"Mimi nilidhani mama karudi!"

Kila mmoja akamsukumia mwenzake ile sufuria, na nje mtu anabisha hodi.

Mwanaidi akalia kweli. Huku analia akaipindua sufuria kwenye sinia, akashika kisu, akakwangua weusi mpaka ukabaki ukoko mwekundu, mnene. Nunu akalibeba sinia kifua mbele. "Karibu mama. Ukoko juu ni heshima ya mgeni, ndivyo wafanyavyo Waajemi."

Bi Mize akavunja kipande. Akatafuna. Machozi yakamlengalenga.

"Utotoni nilipigana na kaka zangu kwa ukoko," akasema. "Tangu nimekuwa bibi, kila nyumba inanipa ubwabwa. Meno ninayo!" Akavua bangili yake ya fedha. "Nani kanipikia huu? Nimvike mwenyewe. Ila akinijia mwongo, naondoka na bangili yangu, na mjukuu wangu naondoka naye."

Ile sufuria iliyokosa mwenyewe, sasa ikapata watatu.

"Ni mimi, mama," akasema Bi Shuwena. "Mchele niliuosha mimi, viungo nilitwanga mimi, makaa niliyapalia mimi. Ukoko ni mtoto wa pilau yangu."

"Ni mimi," akasema Nunu. "Wifi alipika pilau, na pilau imeungua. Aliyethubutu kukuwekea ukoko mbele ni mimi. Wenzangu wangekuletea chai na mkate."

Mwanaidi alimwona Makame akimponyoka. Akapiga magoti. "Bibi, niliambiwa niiepue, nikaenda kutazama televisheni. Niliiunguza mimi. Kisha nikakwangua weusi ili usijue. Kama ni kosa, ni langu. Kama ni tamu, basi nayo ni yangu."

Bi Shuwena akajifunika uso kwa khanga. Mikono mitatu ikanyooshwa.

Haya, nyinyi mnaocheka huko nyuma, semeni, na mseme kwa uangalifu, maana mkikosea binti wa watu hapati mume. Je, bangili ile ivikwe mkono wa nani?