Jina la Chombo cha Tatu

Ngano, ngano!
*Ngano njoo!*
Iko mlangoni, inabisha.
*Ifungulieni!*
Ina mkia mrefu.
*Iingie nao!*

Alikuwako Fisi, mwenye jumba la michezo ya kuigiza. Mchezo wenyewe ulikuwa mmoja tu, wa wanyama wanaosafiri kati ya nyota, na watu wa mwituni waliupenda hadi wakasahau kupika. Chombo cha nyota kikivunjika mchezoni, Fisi alitaka kingine, kikubwa kuliko kile.

Cha kwanza alikichora Chozi, yule ndege mdogo. Akakifanya duara kama kibuyu, kikapewa jina la Kobe aliyekufa kwa uzee. Siku kilipozinduliwa, Chozi hakuonekana tena. Cha pili alikichora Kindi. Akaacha kibuyu palepale, watazamaji wakitambue, akaongeza shingo. Kikaitwa Chozi. Siku kilipozinduliwa, Kindi hakuonekana tena.

Ndiyo mila ya jumba lile: chombo hurithi jina la marehemu, asisahaulike. Aliye hai, jina lake halipandi. Likishapanda, mwenyewe hayupo, na akiita haitikiwi, maana ukimwitikia mfu atakufuata mpaka nyumbani.

Cha tatu akapewa Pimbi. Pimbi hana mkia, hana pembe. Alikuwa na watoto watatu na brashi moja. Akaweka kibuyu, akaweka shingo, akaongeza mabawa. Nyundo ko-ko-ko, brashi swii-swii. Kila adhuhuri Fisi alikuja. Hakutazama chombo, alimtazama yeye.

"Bi Pimbi, umenenepa."

"Ni nguo tu, Bwana."

"Haya, maliza upesi."

Siku moja Pimbi akaenda kutafuta rangi nyuma ya pazia. Akakuta ubao umepigwa randa vizuri, umeandikwa PIMBI, tayari kwa chombo cha nne. Akaugusa. Rangi ilikuwa imekauka zamani. Chini yake palikuwa na unyoya wa Chozi na mkia wa Kindi, umechanwa nywele ukalazwa sawasawa. Pimbi aliogopa mpaka masikio yakawa baridi. Wanawe wangelishwa na nani?

Adhuhuri Fisi akaja.

"Bwana, mimi nina huzuni," akasema Pimbi.

"Ya nini?"

"Chombo kikubwa hivi, kiitwe Kindi? Makofi yote yaende kwa mla njugu?"

Mate yakamdondoka Fisi. "Kwa hiyo kiitwe nani?"

"Mimi mchoraji tu, Bwana. Mwenye jumba ni wewe."

"Kiitwe Fisi!"

"Lakini mila, Bwana..."

"Mila ni yangu! Andika, na uandike kubwa!"

Akaandika kubwa.

Siku ya uzinduzi ikafika, jua kali. Ngoma ndi! ndi! ndi! Kamba krrr, krrr, chombo kikapanda hadi kwenye tundu la paa. Swala akasoma jina kwa sauti. Bi Kanga akajifunika uso: "Poleni jamani! Fisi wetu katutoka!"

"Nipo!" akasema Fisi. Hakuna aliyegeuka.

"Nipo hapa!" Nyati akaziba masikio.

"Nipo!" Akamshika Punda bega. Punda akafumba macho, akauambia ukuta, "Kitu cha baridi kimenigusa."

Wakatoka mmoja mmoja. Fisi akakimbia kwake, akamkuta mkewe ameshavaa nguo za eda. Mke akafunga mlango polepole, bila kumtazama. Fisi akainama kwenye mtungi wa maji, angalau ajione. Aliona anga tu.

Akarudi jumbani meno nje. Pimbi alikuwa peke yake. Chombo alikuwa amekishusha jukwaani, kamba ipo mkononi.

"Wewe unajua nipo! Itika, au nakutafuna!"

Pimbi hakumwitikia. Akaongea na brashi yake: "Masikini marehemu. Laiti angeingia mwenyewe chomboni akalikwangua jina lake, angerudi kwetu."

Fisi akarukia ndani. Kwaru, kwaru, kwaru! Pimbi akavuta kamba. Krrr, krrr, nzito. Krrr, krrr, nzito. Alikusudia kumtundika tu, apate kuwachukua wanawe na kukimbia. Krrr, kamba ikawa nyepesi. Akatazama juu. Tundu la paa lilikuwa tupu, na mbali, juu ya mawingu, sauti ikasema, "Nipo!"

Pimbi akaenda nyumbani, akapakua chakula. Wanawe wakaacha kula, wakasikiliza.

"Mama, nani anaita?"

"Hakuna mtu. Kuleni."

Funzo lake, wanangu: mtiini bwana wenu wala msimbishie. Akisema liandikwe kubwa, liandikeni kubwa.

Ngano yangu imefika kwao. Tamu yake gawaneni, chachu yake niachieni mwenyewe.