Nishani ya Mto Mkavu

Hapo zamani, enzi za vita vya mizinga na redio za kubebwa mgongoni, alikuwapo Jenerali Kihwelo, aliyeanza akiwa kuruta akapanda hadi nyota zikamjaa mabegani. Katika nishani zake zote, watu waliisifu zaidi ile ya vita vya Mto Lumeta, aliyopewa kwa amri iliyoleta ushindi. Yeye mwenyewe akiulizwa habari zake alitabasamu tu. Siku ya mapigano yale malaria ilimlaza hoi, hakukumbuka lolote.

Alipostaafu, akawaalika nyumbani wenzake wa vita vile, na mjane wa mmoja wao. Wakiwa wanakula, akamgeukia Sajini Ndimbo, mtu wake wa redio. "Hebu niambie, hivi niliamuru nini hasa?"

"Ulipiga kelele, afande: 'Rudini! Mto umejaa!' Nami nikawatangazia walio mbele."

Jenerali akaacha kutafuna. Mto umejaa? Kiangazi kile? Kumbe alikuwa akiweweseka, akiwaita wadogo zake watoke mtoni huko kwao!

"Mimi niliona mchanga mtupu," akasema Meja Rwechungura, aliyeongoza kikosi. "Lakini amri ni amri. Nikawarudisha vijana. Hatujafika mbali, makombora yakaanza kuanguka pale pale tulipotoka."

"Koplo Chilumba hakurudi," akasema mjane wake, Bi Atupele. "Wenzake waliniambia alisema hauoni huo mto uliojaa. Akabaki na bunduki yake ya bombomu, akipiga peke yake. Adui akadhani mpo wote, akamaliza makombora juu ya mume wangu."

"Ndipo tukazunguka, tukawakamata kwa nyuma," Meja akakiri.

Jenerali akaivua nishani, akaiweka mezani. "Basi si yangu hii. Nilikuwa naota."

"Ndoto niliifanya amri mimi," akasema Sajini. "Ningesubiri upone, wangekwisha."

"Na kama mimi ningeyaamini macho yangu?" akauliza Meja. "Ungemrudisha nani?"

"Mngepona, sawa," akasema Bi Atupele. "Lakini bila mume wangu mngeshinda?"

Jenerali akaichukua nishani, akamnyooshea mjane, akasita. Chilumba alikaidi amri. Angerudi hai, angeshtakiwa. Akamgeukia Meja, akasita. Huyu alitii tu. Akamtazama Sajini. Huyu alipeleka maneno ya mgonjwa bila hata kumgusa paji la uso! Na yeye mwenyewe, aliyeyatamka? Mkono wake uko hewani, haujui pa kwenda.

Haya, ninyi mlioketi hapa, msaidieni mzee wa watu: nishani ile ilimstahili nani?