Kinyoka na Kanga ya Jikoni

Niitikieni kwa sauti, wanangu, maana hadithi hii ina uchungu.

Zimwi lilimgeuza binti wa Bi Mize kuwa kinyoka, kisha likacheka: "Akilala kifuani mwako atajivua gamba, awe mtu tena. Lakini hakujui tena, wala usimwite. Nyoka hana masikio!"

Bi Mize akakitia kikapuni. Akapeleka mkono, fyuu! kikamtishia. Akapeleka tena, fyuu! Mara ya tatu akavua kanga aliyopikia, yenye jasho na moshi wa kuni, akakitandikia. Kinyoka kikanusa, kikalala. Kesho yake kikapanda kiganjani, keshokutwa kikafika begani.

"Leo mwanangu anarudi," akasema Bi Mize. "Nimpokee na nguo ya jikoni?" Akaifua ile kanga. Akaoga, akajifukiza udi, akavaa nguo mpya, akafunua kikapu.

Kinyoka kikanusa. Kikamuuma mkono, kikatokomea kichakani.

Jioni, kutoka kichakani mle, ikasikika sauti ya mtoto ikilia: "Mama, uko wapi? Kuna mtu kaingia nyumbani mwetu!"

Bi Mize akaitika, akaitika, akaitika, mpaka sauti ikamkauka.