Mjane wa Barazani na Nyumba za Sultani

Alikuwako katika mji wa Zafarani Sultani Ghalibu, aliyefiwa na mkewe, naye akaweka nadhiri ya kumpa nyumba kila asiye na makazi, na nyumba zikajengwa za mawe na chokaa, ikabaki kuwahesabu hao wasio na makazi. Waziri Nuhasi, mtu wa maneno mengi na kazi haba, akapewa kazi hiyo, akasugua pete yake, na jini Dahmuru akatokea.

"Labeka, bwana wangu!"

"Kila alalaye bila paa juu yake, huyo hana nyumba. Mhesabu, umtie katika nyumba mpya kabla jua halijachomoza."

Upumbavu ulioje! Ulikuwa msimu wa joto, na wenye nafasi wote wa Zafarani hupanda kulala juu ya mapaa yao. Basi jini akawabeba matajiri na vitanda vyao, na Sultani mwenyewe akiwamo. Na mjane Mwanamkasi, ambaye nyumba yake ilimezwa na mto, akaachwa palepale, kwa kuwa alilala kwenye baraza ya muuza viungo, na baraza ilikuwa na paa.

Alfajiri Sultani akaamka ugenini, akarudi kwake na kikoi tu, na askari wa lango wakamcheka.

"Sultani yuko juu amelala, we mzee. Ondoka!"

Akaenda kuketi barazani kwa muuza viungo.

"Sogea, baba," akasema Mwanamkasi. "Hapo pangu."

"Pako?"

"Mpaka mwenyewe aamke."

Mara mlango ukafunguka na ndoo ya maji ikawamwagikia wote wawili. "Ondokeni! Nafungua duka!"

"Twende wapi?" akauliza Sultani.

Mjane akacheka. "Mgeni wewe. Sisi hatuulizi hivyo."

Waziri, aliyekuwa akimtafuta bwana wake mbio, akamkuta amelowa, akaanguka miguuni pake.

"Jini hakukosa, umekosa wewe," akasema Sultani. "Na ahesabiwe kila awezaye kuambiwa ondoka, asiwe na pa kwenda."

Hesabu ikazidi nyumba, na Sultani akatoa jumba lake la kiangazi, na Waziri akavuliwa pete, akabebeshwa chokaa.

Kisha Sultani akamposa Mwanamkasi kwa maneno ya adabu na zawadi za ambari.

"Nimeridhia, maulana," akajibu, "lakini kwanza nyumba yangu, na ufunguo nishike mimi. Siku ukiniambia ondoka, nitakuwa na pa kwenda."

Akapewa, wakaoana, wakaishi kwa neema, na ufunguo ule aliuvaa kiunoni, chini ya hariri, mpaka mauti. Nami nasema waziwazi, na atakayenuna anune: atakaye kuhesabu wasio na makazi asitazame mapaa, bali aketi barazani mpaka kupambazuke.